Kibali kipo, mnyama je? Jinsi serikali inavyosimamia makao ya wanyama wa kigeni

MWISHONI mwa Januari 2005, sanduku la mizigo lilinaswa katika uwanja wa ndege wa kimataifa wa Jomo Kenyatta, Embakasi. Ndani yake mlikuwa na sokwe wachanga sita na kima wanne, wote wamerundikwa pamoja kama bidhaa za dukani. Sokwe mmoja alifariki. Watano walionusurika walitwaliwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori nchini, KWS, kisha wakapelekwa Laikipia katika makao ya sokwe ya Sweetwaters.

Wakazi wengi wa mitaa ya Eastlands huuona uwanja huo kila siku. Ndege hupita juu ya paa za Donholm, Fedha na Pipeline, na maelfu ya vijana wa Kayole na Umoja wamepata riziki kwa kupakia na kupakua mizigo humo. Si wengi wanaofahamu kwamba lango hilo la abiria limekuwa pia lango la wanyama wasio wa nchi hii, wengine wakiwa na vibali halali na wengine wakiwa wamefichwa. Swali la makala haya linahusu kinachofuata baada ya lango hilo. Mnyama wa kigeni akishaingia Kenya na kuwekwa katika makao yake, ni nani serikalini mwenye jukumu la kwenda kumtazama, kuuliza amekula nini, kizimba chake kina upana gani, na kama ana kivuli?

Jibu fupi ni kwamba wenye jukumu ni wengi, na huo ndio mwanzo wa tatizo.

Mgeni ni yupi?

Kwanza ni vyema kufafanua maneno. Mnyama wa kigeni ni yule ambaye asili yake si hapa. Sokwe ni mfano bora kwa Mkenya kwa sababu majirani zetu wanaye nasi hatuna. Tanzania inao Gombe na Mahale, Uganda inao Kibale na Budongo, lakini hakuna msitu wa Kenya wenye sokwe wa porini. Sokwe yeyote aliye nchini ameletwa.

Wa Sweetwaters waliletwa kwa sababu ya vita. Makao hayo, yaliyo ndani ya hifadhi ya Ol Pejeta, yalianzishwa 1993 kwa makubaliano kati ya Ol Pejeta, KWS na Taasisi ya Jane Goodall. Taasisi hiyo, iliyoasisiwa na mtafiti wa sokwe aliyefariki Oktoba 2025, ilikuwa na kituo cha sokwe mayatima mjini Bujumbura. Burundi ilipotumbukia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, ilibidi wahamishwe, na kundi la kwanza likafika Laikipia kati ya 1994 na 1995.

Miongoni mwao alikuwamo Poco. Sokwe huyu alikaa takriban miaka tisa ya kwanza ya maisha yake katika kizimba chembamba kilichotundikwa mbele ya biashara moja nchini Burundi ili kuvutia wateja. Kizimba kilikuwa chembamba kiasi kwamba hakuweza kuketi vizuri wala kutembea kwa miguu minne kama wenzake. Alilazimika kusimama. Alipofikishwa mahali penye nafasi ya kutosha aliendelea kutembea wima kama mtu, na watalii wakamshangilia. Waliomcheka hawakujua kuwa walikuwa wakitazama kilema alichotiwa na wanadamu.

Wapo wageni wengine walioingia kwa njia halali kabisa. Desemba 2009 vifaru weupe wa kaskazini wanne waliletwa Ol Pejeta kutoka bustani ya wanyama ya Dvůr Králové katika Jamhuri ya Czech. Mmoja wao, Sudan, aliyekuwa dume wa mwisho wa jamii yake, alikufa Machi 2018. Mombasa, katika bustani ya Haller iliyoko Bamburi, kobe mkubwa wa asili ya Aldabra aitwaye Mzee alipata umaarufu duniani baada ya kiboko mchanga Owen, aliyeokolewa kufuatia tsunami ya Desemba 2004, kumfanya mlezi wake.

Neno la pili ni makao yenyewe. Kwa Kiswahili twasema hifadhi, makao, bustani ya wanyama, hata kituo cha mayatima, na mara nyingi maneno haya huchanganywa. Wataalamu hata hivyo hutofautisha. Makao ya kweli humpokea mnyama asiyeweza kurudi porini na kumtunza hadi kufa kwake. Hayamuuzi, hayamkodishi na, kwa kawaida, hayamzalishi. Sweetwaters, kwa mfano, huwapa sokwe wa kike dawa za kupanga uzazi, maana kila mtoto anayezaliwa kizuizini huchukua nafasi ya yatima anayesubiri nje. Bustani ya wanyama, kwa upande wake, huzalisha na hubadilishana wanyama. Bango la langoni halitoshi kumjulisha mgeni ameingia katika ipi kati ya hizo mbili.

Nyara iliyo hai

Kwa miongo mingi sheria kuu ilikuwa ile ya wanyamapori ya 1976. Uwindaji ulipigwa marufuku 1977 na biashara ya nyara ikafuata 1978, mwaka ambao Kenya iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, CITES. KWS iliundwa kwa marekebisho ya sheria ya 1989 na kuanza kazi mwaka uliofuata. Sheria ya sasa ya uhifadhi na usimamizi wa wanyamapori ni ya 2013, na ilianza kutumika Januari 2014.

Sheria hii ya 2013 ina mambo mawili ambayo msomaji anapaswa kuyajua. La kwanza ni maana ya mnyamapori. Sheria inamtaja kiumbe wa porini wa asili ya hapa, kisha inaongeza spishi zilizoingizwa au kustawi nchini. Hivyo mgeni naye hayuko nje ya sheria. La pili ni neno nyara. Katika sheria hiyo nyara si pembe na ngozi pekee. Ni pamoja na mnyama mwenyewe, awe hai au mfu. Kwa msingi huo, anayepatikana na nyara bila kibali hutozwa faini isiyopungua Sh1 milioni au kifungo kisichopungua miaka mitano, au vyote viwili.

Mhariri yeyote mzoefu wa lugha hawezi kulipita neno hilo bila kulitazama mara mbili. Kumwita mnyama anayepumua nyara ni kumtazama kama mali, na kinachoulizwa kuhusu mali ni nani mwenyewe na ana karatasi gani. Iwapo mali hiyo inasikia njaa au kiu ni swali jingine, na swali hilo limeachiwa sheria tofauti kabisa.

Sheria hiyo tofauti ni ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, Sura ya 360, iliyotungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Inamhusu mnyama yeyote mwenye uti wa mgongo isipokuwa binadamu, kwa hiyo sokwe wa Laikipia na punda wa Njiru wote wamo. Ni kosa kumpiga kikatili, kumnyima chakula na maji, kumfunga au kumsafirisha kwa namna inayomtesa. Lakini adhabu ya kosa la ukatili iliyoandikwa humo ni faini isiyozidi Sh3,000 au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili.

Linganisha hesabu hizo. Anayemfuga duma bila kibali lakini akamlisha vyema huanzia Sh1 milioni. Mwenye kibali anayemwacha duma wake akonde kizimbani, iwapo atashtakiwa kwa ukatili, hawezi kutozwa zaidi ya Sh3,000, fedha zisizotosha kodi ya chumba kimoja cha mwezi katika sehemu nyingi za Umoja. Kwa ufupi, dola imejizatiti kupambana na asiye na karatasi, na imejilegeza kwa mwenye karatasi asiye na huruma.

Makali ya upande wa kwanza yalionekana Mei 2025 katika mahakama iliyoko uwanja huohuo wa ndege wa Embakasi. Vijana wawili raia wa Ubelgiji, waliopatikana na siafu hai wapatao 5,000 katika vichupa, walitozwa faini ya Sh1 milioni kila mmoja au kifungo cha miezi 12. Kwamba sheria iliwafikia hata wadudu ni jambo la kusifiwa. Hata hivyo, siafu hana uti wa mgongo, na kwa hivyo Sura ya 360 haimjui.

Jukumu la wengi

Katiba ya 2010 iliongeza mlango mwingine. Jedwali lake la Nne linaipa serikali ya kitaifa jukumu la kulinda wanyama na wanyamapori. Jedwali hilohilo linazipa serikali za kaunti udhibiti na maslahi ya wanyama, ikiwemo leseni za mbwa na mahali pa kuwaweka, kuwatunza na kuwazika wanyama. Anayesoma vifungu hivyo viwili kwa pamoja ataona mpaka ulivyo mwembamba. Sokwe ni wa kitaifa kwa kuwa ni mnyamapori. Je, maslahi yake kizimbani ni ya kitaifa au ya kaunti?

Kiutendaji kazi imegawanyika hivi. KWS hutoa vibali vya kumiliki na kuweka wanyamapori, na ndiyo msimamizi wa CITES nchini. Mnyama aliye katika orodha ya kwanza ya mkataba huo, kama sokwe, huhitaji kibali cha nchi anakotoka na cha nchi aendako, na haruhusiwi kuuzwa kimataifa kwa sababu za kibiashara. Idara ya huduma za mifugo hutazama magonjwa na hutoa idhini ya mnyama kuingia nchini. Kaunti ina maafisa wake wa mifugo na afya ya umma. Polisi wanaweza kumkamata anayetesa mnyama hadharani. Kisha kuna chama kisicho cha serikali, KSPCA, chenye mizizi yake katika mwaka wa 1910, ambacho kwa zaidi ya karne kimekuwa kikiitwa kuokoa mbwa, punda na paka wa jiji hili. Kwa raia wa kawaida, chama hicho mara nyingi ndicho sura pekee ya sheria ya ukatili anayoijua.

Msururu huo una tafsiri rahisi mtaani. Tuseme jirani yako katika ploti moja ya Kayole ana kasuku wa kijivu katika kizimba kilichotundikwa koridoni. Ndege huyo asili yake ni misitu ya Kongo na Uganda, na hapa Kenya makazi yake ya asili yalikuwa msitu wa Kakamega pekee. Tangu Januari 2017 yumo katika orodha ya kwanza ya CITES. Ukiuliza kama ana kibali, swali hilo ni la KWS. Ukiuliza kama ana ugonjwa, ni la daktari wa mifugo. Lakini ukiuliza mbona amejinyofoa manyoya yote ya kifua, dalili inayojulikana ya ndege aliyechoshwa na upweke, utaelekezwa ofisi hii na ile, na huenda kasuku akafa kabla ya wewe kufika ya tatu.

Kumbukumbu ya kware

Wakazi wa Eastlands wamewahi kuuonja usimamizi huu wenyewe, ingawa wengi wamesahau. Mwaka wa 2013 ulizuka uvumi kwamba mayai ya tombo, ambao Wakenya wengi huwaita kware, Waluo aluru na Waluhya isindu, yanatibu karibu kila maradhi. Bei ikapaa. Watu wakachukua mikopo, wakatengeneza vizimba vya mbao na nyavu, wakavipanga katika roshani za Buruburu na nyuma ya nyumba za Dandora.

KWS ikawakumbusha kwamba kware ni ndege wa porini, na anayetaka kumfuga sharti awe na leseni. Foleni za kutafuta leseni zikawa ndefu. Kisha, mapema 2014, soko likaporomoka kwa kasi ileile lililopanda. Wafugaji wakabaki na mamia ya ndege wasio na mnunuzi. Wengine waliliwa, wengine waliachiliwa, na wengine walikufa kwa msongamano na kukosa chakula.

Kisa hicho kilikuwa jaribio la wazi la mfumo mzima. Leseni ilitakiwa na wengi wakaitafuta. Idadi ya ndege kwa kila kizimba haikuwa mada. Wala hapakuwa na mpango wa nini kifanyike biashara ikifa. Kware ni ndege mdogo na hakuna aliyeandamana kwa ajili yake, lakini maswali aliyoyaacha ndiyo yanayohusu simba, sokwe na kobe: mwenye makao akifilisika, wanyama wanakwenda wapi, na nani atagharimia?

Msimamizi na anayesimamiwa

Ugumu mwingine ni kwamba KWS yenyewe ni mwenye vizimba. Kituo cha wanyama mayatima cha Nairobi, kilichofunguliwa 1964 kwenye lango kuu la mbuga ya Nairobi, kiko chini yake. Hapo ndipo watoto wengi wa shule za Makadara, Jericho na Kariobangi humwona simba kwa mara ya kwanza, wakiwa wamejazana dirishani mwa basi na sare zao za Ijumaa. Kituo hicho kimeokoa wanyama wengi waliojeruhiwa au kuachwa na mama zao. Lakini shirika linalotoa vibali kwa wengine linapokuwa na vizimba vyake, ni halali kuuliza nani hukagua vya kwake.

Swali hilo liliulizwa kwa uchungu Julai 2018. Vifaru weusi 11 walihamishwa kutoka mbuga za Nairobi na Ziwa Nakuru hadi Tsavo Mashariki. Wote 11 walikufa. Maji waliyowekewa yalikuwa na chumvi nyingi. Kadiri walivyokunywa ndivyo kiu ilivyozidi. Wa mwisho alishambuliwa na simba akiwa tayari amedhoofika. Waziri wa utalii wa wakati huo, Najib Balala, aliwasimamisha kazi maafisa kadhaa. Katika mkasa huo hapakuwa na jangili wala mfanyabiashara wa magendo, na karatasi zote zilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa nje mwenye mamlaka ya kupima maji na kusema safari isubiri.

Miaka 13 kabla ya hapo, mahakama ndiyo iliyofanya kazi hiyo ya mtu wa nje. Novemba 2005 serikali ya Rais Mwai Kibaki ilitia saini makubaliano na serikali ya Waziri Mkuu Thaksin Shinawatra ya kupeleka wanyama 175 katika bustani ya usiku ya Chiang Mai, Thailand. Huko, wanyama wetu ndio wangekuwa wageni. Wanaharakati walikwenda Mahakama Kuu, uhamisho ukasimamishwa, na wanyama hawakuondoka.

Wenzetu hufanyaje?

Uingereza ilipitisha sheria ya leseni za bustani za wanyama 1981, na ndani yake ukaguzi ni sharti la leseni yenyewe. Wakaguzi hupima hali ya mnyama kwa kanuni tano zilizotokana na ripoti ya kamati ya Brambell ya 1965: asiwe na njaa wala kiu, asikose starehe, asiwe na maumivu au ugonjwa usiotibiwa, aweze kuonyesha tabia zake za asili, na asiishi kwa hofu. Marekani yenye mali zote hizo ilichelewa mno katika jambo moja. Hadi Desemba 2022 ndipo sheria ya taifa ilipozuia watu binafsi kufuga simba na chui milia majumbani.

Hapa Afrika, makao ya nyani wakubwa na wadogo yalikutana Uganda mwaka wa 2000 na kuunda muungano wao, PASA, wenye masharti ya utunzaji na utaratibu wa kukagua wanachama. Sweetwaters ni mwanachama, kama ilivyo Ngamba, kisiwa cha Ziwa Victoria kilichofanywa makao ya sokwe 1998. Kwa hiyo sokwe wa Laikipia ana mkaguzi anayefuata kanuni zilizoandikwa. Kasoro ni kwamba ukaguzi huo ni wa hiari, na makao yasiyotaka kujiunga hayalazimishwi na yeyote.

Macho ya mgeni

Ukaguzi wa kitaalamu una vifaa vyake, lakini mengi huonekana kwa macho ya kawaida, na mzazi anayewapeleka watoto Lang'ata kwa matatu mbili anaweza kuyaona. Mnyama anayekwenda na kurudi kwenye mstari uleule bila kukoma, akigeuka mahali palepale kila mara, hafanyi mazoezi. Hiyo ni dalili ya akili iliyochoka na kifungo. Tazama kama maji ni safi na kama pana kivuli saa sita mchana. Tazama kama mnyama ana mahali pa kujificha, kwani kizimba kisicho na pembe ya faragha humfanya aishi jukwaani mchana kutwa. Uliza mtoto wa simba unayeruhusiwa kumshika hupelekwa wapi akikua.

Malalamiko kuhusu mnyamapori huanzia ofisi yoyote ya KWS, na kuhusu ukatili huanzia kituo cha polisi au KSPCA. Andika tarehe, saa na mahali, na piga picha ikiwa hakuna hatari. Polisi wakikwambia hiyo ni kazi ya wanyamapori, taja Sura ya 360; haibagui kati ya mnyama wa nyumbani na wa porini.

Sokwe huweza kuishi miaka 40, wengine zaidi ya 50. Wale wachanga waliotolewa sandukuni Embakasi 2005, wakifikisha umri huo, watahitaji chakula, daktari na mtu wa kukagua ua wao hadi karibu na mwaka wa 2050. Faini ya ukatili ikiachwa jinsi ilivyoandikwa, hadi wakati huo itakuwa bado ni Sh3,000.